Njia ni ya Mpita Njia

Kwa miezi kadhaa sasa hapa kwetu Kanga pamezuka mjadala ambao wageni wakiusikia hucheka. Mjadala wenyewe unahusu maegesho. Naam, maegesho! Kijiji cha minazi na mikorosho, kaskazini ya kisiwa cha Mafia, na watu wazima wanagombana barazani juu ya wapi chombo cha moto kisimame na wapi kisisimame. Jamaa yangu mmoja aliyekuja kututembelea kutoka Dar es Salaam aliniuliza, "Mwalimu, kwani nyinyi mna magari mangapi hata mgombanie pa kuyaweka?" Nilimjibu kwamba hatugombanii magari. Tunagombania njia.

Nimeona niyaweke mawazo yangu katika kitabu hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza, katika mkutano uliofanyika nilipewa dakika mbili tu za kusema, na mtu aliyesimama mbele ya darasa zaidi ya miaka thelathini hawezi kumaliza hata salamu kwa dakika mbili. Ya pili, kila aliyesimama siku ile alitetea masilahi yake mwenyewe akayaita haki, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tangu siku ile nimefikiri upya.

Njia ninayoizungumzia si barabara kuu iendayo Kirongwe na Kilindoni. Ni njia ya ndani, inayopita mbele ya nyumba zetu kutoka msikitini hadi makaburini. Watoto huifuata kwenda shule, wanawake huifuata kwenda kuteka maji, na wakulima huifuata kwenda mashambani. Nilipokuwa mtoto, jambo kubwa lililoweza kusimama katika njia ile lilikuwa mtu na mzigo wake wa nazi, naye alisimama kwa muda wa kusalimiana tu, kisha akaendelea na safari yake. Hapakuwa na haja ya kanuni. Miguu ya watu ndiyo iliyokuwa kanuni.

Leo mambo yamebadilika, wala si kwa kosa la mtu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu elfu 46 na ziada katika Wilaya ya Mafia, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu zaidi ya elfu 66. Watu wameongezeka, ardhi haikuongezeka. Kivuko cha MV Kilindoni kinavusha magari kutoka Nyamisati, na gari likishateremka Kilindoni halikosi siku ya kufika kwetu. Juu ya hayo zikaja pikipiki, kwanza moja, kisha kumi, na sasa siku hizi sizihesabu tena. Vijana wetu wengi wamepata riziki humo, na hilo ni jema.

Sasa nieleze kisa kilichowasha moto huu.

Siku moja ya Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa tukimpeleka mzee mwenzetu makaburini. Jeneza lilikuwa mabegani mwa vijana, na sisi wazee tulifuata nyuma. Tulipofika katikati ya njia tukakuta lori limesimama, limepakia nazi, na dereva hayupo. Upande wa pili, chini ya mwembe, zilikuwapo pikipiki saba. Baina ya lori na pikipiki palibaki nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Jeneza halipiti kwa ubavu.

Tukasimama. Wanaoijua dini yetu wanajua kwamba tunatakiwa kuharakisha kumzika maiti, si kumweka njiani kama mzigo unaongoja usafiri. Mtu mmoja akatumwa kumtafuta dereva, akarudi na habari kwamba dereva amekwenda kula, wala haijulikani ni kwa nani. Vijana wa bodaboda, na lazima niwatendee haki katika jambo hili, waliruka mara moja kuzisogeza pikipiki zao. Lakini hazikuwa na pa kwenda. Nyuma yake palikuwa na fungu la mchanga na matofali ya saruji yaliyopangwa hadi usawa wa kiuno, mali ya mwenye nyumba mmoja. Nitasema baadaye ni nani.

Baada ya kungoja, waliobeba wakaamua kukata kupitia shamba la muhogo la bibi mmoja mjane. Tulipita watu wapatao mia, kwenda na kurudi. Muhogo ule ulikuwa bado mchanga. Yule bibi hakusema neno kwa heshima ya maiti, lakini jioni nilimwona amechutama peke yake, akiinua miche iliyolala na kuirudishia udongo.

Siku ya tatu yake kijiji kizima kilikuwa kikizungumza. Kama ilivyo desturi yetu, hatukuchelewa kugawanyika makundi. Nitayachukua moja baada ya jingine.

Kundi la kwanza ni la wenye nyumba. Hawa wanataka vyombo vyote vya moto vipigwe marufuku katika njia ile, usiku na mchana, na Mwenyekiti atoe amri kesho asubuhi. Hoja yao ni kwamba njia inapita mbele ya nyumba zao, na kwa hiyo wao ndio wenye kuamua. Nawauliza ndugu zangu hawa: tangu lini njia ikawa ya nyumba? Nyumba ndiyo iliyojengwa kando ya njia. Njia ile ilikuwapo kabla ya kuta zenu. Kuwa na mlango unaofungukia njiani kunakupa haki ya kutoka na kuingia, kama kunavyompa jirani yako, wala hakukupi haki ya kusema, "Hapa mbele ni pangu." Ukimfukuza kijana wa bodaboda kwa hoja hiyo, kesho utamfukuza muuza samaki, na keshokutwa watoto wanaocheza.

Kundi la pili ni la vijana wenye pikipiki pamoja na wafanyabiashara wa nazi wanaoleta malori. Hoja yao ni riziki. Kijana mmoja alinisimamia mbele ya watu wote akasema, "Shikamoo Mwalimu. Mwalimu, unatuonea. Usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu, anaitwa nani?" Nilinyamaza, kwa sababu anaitwa yeye. Ni kweli kabisa. Tangu Serikali ilipoitambua rasmi kazi hii kwa kanuni za mwaka 2010, bodaboda wamekuwa gari la wagonjwa, gari la posta na teksi ya masikini. Anayewaita wahuni huku akiwa na namba zao za simu mfukoni ni mnafiki.

Hata hivyo, hoja ya riziki ina mpaka wake. Mvuvi naye anatafuta riziki, lakini hatandazi nyavu zake mlangoni pa msikiti. Riziki yako haiwi halali zaidi kwa sababu umeitafutia katikati ya njia. Na dereva wa lori, yeye hata hoja hiyo hana. Kupakia nazi ni kazi. Kuliacha lori ukaenda kula saa nzima si kazi. Ni kumkodisha mwenzako njia yake bila ya kumwuliza wala kumlipa.

Kundi la tatu ni la wale wanaojiona wenye busara kuliko wote. Wao wanasema, "Tuache mambo haya. Maegesho ni mambo ya mjini. Hapa ni kijijini, tuvumiliane." Hawa ndio wanaonikera zaidi, kwa sababu maneno yao ni laini na madhara yake ni magumu. Ni nani hasa anayetakiwa kuvumilia? Si mwenye lori. Si mwenye pikipiki. Si mwenye matofali. Anayetakiwa kuvumilia ni mtoto anayelizunguka lori bila ya kuona kinachokuja upande wa pili, na mwanamke mwenye ndoo kichwani, na kipofu aliyezoea kuhesabu hatua zake, na yule bibi mwenye muhogo. Uvumilivu unaodaiwa kwa wanyonge peke yao si uvumilivu. Ni kodi. Kule Dar es Salaam mwenye gari hulipa ushuru wa maegesho. Hapa kwetu mwenye gari haombwi hata senti, na anayelipa ni mpita njia.

Na hili la kusema maegesho ni mambo ya mjini si kweli. Ukubwa wa tatizo hauhesabiwi kwa wingi wa magari, unahesabiwa kwa upana wa njia. Nilikwenda na kamba nikapima. Njia yetu, mahali pale penye mwembe, ina upana wa mita tano. Lori likisimama linachukua mita mbili na nusu. Pikipiki ikiwekwa kwa kukingama inachukua mita mbili. Hiyo ni hesabu ya darasa la nne: inabaki nusu mita. Lori moja na pikipiki moja vinatosha kuifunga njia ya kijiji kizima.

Wenzetu waliliona jambo hili zamani. Katika Japani, tangu sheria yao ya mwaka 1962, mtu anayetaka kusajili gari hutakiwa kwanza athibitishe kwamba ana mahali pa kuliweka, mbali na barabara ya umma. Kweli, vijiji vingi vya huko vimesamehewa sharti hilo. Lakini tazama wazo lililo ndani yake: chombo ni chako, basi na mahali pa kukiweka pawe pako, usimnunulie jirani usumbufu. Magari mengi tunayoyaona nchini mwetu yametumika huko Japani kabla ya kuletwa kwetu. Tumeagiza gari, hatukuagiza adabu yake.

Wapo wanaotaja Lamu. Wanasema, mbona Lamu serikali yao ya kaunti imepata kuzipiga marufuku bodaboda katika mji wa kale, na watu wanaishi? Ni kweli, mji ule uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wakubwa wake waliogopa kelele za pikipiki zisije zikauvua hadhi hiyo. Lakini Lamu wana punda wa kubeba mizigo, na mji wao umejengwa nyumba kwa nyumba, mtu anakwenda popote kwa miguu. Sisi nyumba zetu zimetawanyika katika minazi, na hospitali ya wilaya iko Kilindoni, mbali kabisa na sisi. Tukipiga marufuku pikipiki, wa kwanza kufa ni sisi wazee. Tusiige dawa ya mtu mwenye ugonjwa mwingine.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi? Nasema hivi: ziko haki mbili ambazo sisi tumezichanganya, haki ya kupita na haki ya kukaa. Kupita njiani ni haki ya kila mtu, awe na gari, pikipiki, baiskeli, au miguu yake miwili. Kukaa njiani si haki ya mtu yeyote. Anayekaa njiani ni mgeni wa wapitao, na mgeni huomba, hukaa kwa adabu, na huondoka. Wazee wetu hawakusoma sheria za usalama barabarani, lakini waliijua tofauti hii. Dini nayo imeifundisha: kuondoa kinachoudhi njiani kumehesabiwa kuwa ni sadaka, na wanaobarizi njiani wametakiwa waipe njia haki yake. Basi ikiwa mtu mwenye kukaa njiani ana wajibu, lori lisilo na dereva litatimiza wajibu huo vipi?

Na hapa ndipo ninapopaswa kusema lile nililoliahidi. Matofali yale yalikuwa yangu.

Niliyanunua kidogo kidogo kwa pensheni yangu, nikitaka kuongeza chumba. Chumba hakikujengwa, na matofali yakakaa nje miaka miwili, nami nikayazoea hata nikawa siyaoni. Nilipokuwa nimesimama nyuma ya jeneza siku ile nikilaani lori, macho yangu yaliruka matofali yangu kana kwamba ni sehemu ya ardhi. Nyani haoni kundule. Aliyenionyesha ni mjukuu wangu, ambaye na yeye ni dereva wa bodaboda, na ndiye anayeninunulia dawa za presha. Nilikuwa nikimfokea kwa ajili ya wenzake. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole, "Babu, sisi tulisogeza. Yaliyogoma kusogea ni matofali."

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilitoka na tochi nikaitembea njia yote. Nikaona mambo ambayo mchana nilikuwa siyaoni. Baraza ya fulani imetoka nje hatua mbili. Ua wa makuti wa fulani umesogea mbele kila ulipofanyiwa ukarabati. Hapa fungu la makumbi, pale kokoto, kule mtumbwi uliopinduliwa ambao haujaona bahari tangu watoto wa mwenyewe wawe wadogo. Nikafahamu kwamba njia yetu haikubanwa na pikipiki. Pikipiki zimeikuta imekwisha kubanwa. Sisi wenye nyumba tumeegesha pale miaka yote, tofauti ni kwamba vyetu havina magurudumu.

Kwa hiyo nawaambia wenye nyumba wenzangu: hatuwezi kwenda mkutanoni na mkuki wa kumchoma kijana wakati sisi wenyewe hatutaki kuguswa na sindano. Kanuni iwe moja. Kila kilichosimama njiani kiondoke, kiwe na injini au kisiwe nayo.

Na kanuni hiyo itungwe kwa utaratibu, si kwa amri ya mtu mmoja. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imetupa njia iliyo wazi. Halmashauri ya Kijiji inapendekeza sheria ndogo, inaufikisha mswada mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji ambako kila mkazi mtu mzima ana sauti, kisha unapelekwa katika Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Jambo hilo litachukua muda. Litachukua maneno mengi na majina ya kuandikisha. Lakini amri ya Mwenyekiti hufa siku Mwenyekiti anapobadilika, na pengine hufa mapema zaidi, siku anapokuja mwenye lori ambaye ni shemeji yake. Sheria ndogo iliyopitishwa na watu wote haina shemeji.

Mimi napendekeza mambo manne, na nitayasema tena mkutanoni hata nikipewa dakika moja.

Kwanza, lori liruhusiwe kuingia kupakia na kushusha, ila dereva asibanduke, na kazi ikimalizika liondoke. Asiyeweza kukaa na lori lake aliache barabara kuu penye nafasi.

Pili, vijana wa bodaboda wapewe kijiwe chao pale njia yetu inapokutana na barabara, na kijiji kiwajengee banda la makuti la kujikinga jua na mvua. Si hatua mia mbili kutoka mwembeni. Atakayemwita kijana usiku atampigia simu kama anavyompigia leo. Tusimwondoe mtu mahali bila ya kumwonyesha pa kwenda. Kufanya hivyo ni kumfukuza, na sisi hatumfukuzi mtoto wetu.

Tatu, wenye nyumba tupewe miezi mitatu kuondoa mchanga, mawe, makumbi, nyua na baraza zilizotoka nje ya mpaka wa njia. Njia ipimwe kwa kamba, mbele ya watu, na miti ya mpaka ipandwe.

Nne, faini iwe sawa kwa wote, na atakayevunja kanuni akatajwa mkutanoni asiseme ameonewa.

Najua nitapata maadui kwa pendekezo la tatu kuliko yote mengine. Tayari jirani mmoja amenipita bila ya salamu, jambo ambalo halijatokea kati yetu tangu tulipokuwa watoto. Namwelewa. Baraza yake ni nzuri, na mimi nimekaa juu yake jioni nyingi nikinywa kahawa yake. Lakini siku moja yeye au mimi tutapitishwa mbele ya baraza ile tukiwa juu ya mabega ya watu, na hatutakuwa na uwezo wa kusema, "Samahani, naomba nafasi."

Nilikwenda kwa yule bibi nikamwomba radhi na kumpelekea kitu kidogo kwa ajili ya muhogo wake. Alikataa kukipokea. Alisema, "Mwalimu, muhogo utaota. Ila siku yangu mimi, nipitisheni njiani. Nisipitishwe shambani kwa mtu."

Matofali nimekwisha kuyaondoa. Yako nyuma ya nyumba, na mjukuu wangu na wenzake wanne wa bodaboda ndio walionisaidia kuyabeba. Baraza yangu nayo imetoka nje hatua moja kamili. Nimeipima mimi mwenyewe. Fundi atakuja kuivunja baada ya msimu wa mvua. Kabla ya hapo, Mkutano Mkuu ujao usipite bila ya jambo hili kuwekwa katika ajenda. Sheria inataka mkutano huo uitishwe kila miezi mitatu, na huu wetu umekwisha kuchelewa.